Mifupa ya Yusufu na Mzigo wa Kwihara

Someni Kutoka 13:19, kisha Yoshua 24:32.

Yusufu alipokaribia kufa aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake Misri. Walioapa wakafa wote, na wajukuu wao wakawa watumwa. Hata hivyo, usiku ule wa haraka, Musa hakuisahau mifupa ile. Miaka arobaini ilichukuliwa jangwani. Nani aliibeba siku ya kiu? Hatuambiwi.

Sisi tukaao Sikonge twaufahamu mzigo wa namna hii, maana njia ya misafara ilipita katika nchi yetu ya Unyamwezi. Tarehe 1 Mei 1873 David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaazimu kuupeleka pwani. Aliyesoma maneno ya maziko na kuchonga jina la marehemu katika mti ule alikuwa Jacob Wainwright, Myao aliyetekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa na misioni kule Nasik, Bara Hindi.

Mwezi wa Oktoba walifika Kwihara, karibu na Tabora, wakamkuta Cameron, afisa wa Kiingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Akawashauri wamzike papo hapo. Shauri lile halikuwa baya: njia ilikuwa ndefu, na aliyesema alikuwa mtu mwenye cheo. Wakakataa. Huko mbele, Kasekera, watu walipowazuia kupita na maiti, walifunga mzigo wa uongo wakaurudisha Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga mfano wa mtumba wa nguo. (Hatuisifu hila, twasimulia yaliyotendeka.) Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Hapa pana swali ambalo wainjilisti wetu wataliuliza, wala hatupendi kulikwepa. Wengi wa watu wale hawakuwa Wakristo. Susi mwenyewe alibatizwa mwaka 1886. Je, lililowashika lilikuwa imani, au nini? Wako wajibuo upesi kwamba ni ujira. Lakini ujira hauelezi kwa nini mpagazi aliyepewa ruhusa ya kuutua mzigo akatae kuutua. Sisi twamkumbuka Koreshi, katika Isaya 45, ambaye Mungu alimwita kwa jina lake naye hakumjua Mungu. Zaidi ya hapo hatuthubutu kusema.

Jacob alifuatana na mwili hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika kanisa la Westminster, London. Kisha akarudi Afrika, na mwaka 1892 akafa Urambo, si mbali nasi. Ndugu zetu Wamoravian, ambao baadaye walifanya kazi hapa Sikonge, walipoipokea Urambo mwaka 1898 kutoka kwa misioni ya London, msomaji yule alikuwa amekwisha kufa huko miaka sita.

Mwalimu mmoja alitujia kwa uchungu baada ya sikukuu ya kanisa fulani. Yalisomwa majina ya wamisionari, na jina la babu yake, aliyebeba vitabu vya Injili kichwani kutoka kijiji hata kijiji, likaachwa. Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimwomba alitaje jina hilo, tukaliandika katika daftari la usharika. Wenye majina mengine wayalete kwa wazee kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, tuyasome siku hiyo.