Je, Mwenye Nacho Alipe Zaidi?



Mwezi uliopita sisi wa baraza la wazee tulifanya kosa, na tunaliandika hapa kwa sababu wengi mmeliona. Tulipanga kila nyumba ilete shilingi 5,000 za mabati ya kanisa. Tuliona ni haki, kwa kuwa mbele za Mungu wote ni sawa. Baada ya Jumapili mbili, bibi mmoja anayelea wajukuu wanne hakuonekana tena ibadani. Tulipomtembelea alisema anaona haya kuketi chini ya bati ambalo hakulilipia. Jirani yake ana mashine ya kusaga na pikipiki mbili. Huyo alitoa 5,000 siku ileile, wala hakusikia uchungu wowote.

Basi swali limetushika. Je, mwenye nacho alipe zaidi?

Si swali la kanisa tu, maana hata sisi wakimbizi tunalipa kodi. Sabuni tunayonunua dukani hapa Uganda ina kodi ya asilimia 18 ndani ya bei yake, na sabuni haimwulizi mtu ana kiasi gani mfukoni. Mnakumbuka Julai 2018, kodi ya asilimia 1 ilipowekwa kwenye pesa za simu. Watu walilia sana, na kabla mwaka ule haujaisha ikashushwa hadi asilimia 0.5, kwenye kutoa pesa peke yake. Lakini aliyetoa pesa zake benki hakukatwa kodi hiyo. Na mwenye akaunti benki ni nani? Si yule mama anayengoja laki moja kutoka kwa kaka yake aliye Marekani.

Kwenye mishahara serikali ilipima kwa namna nyingine. Sheria ya mwaka 2012 iliacha bila kodi mshahara usiozidi shilingi 235,000 kwa mwezi, na sehemu inayopita milioni 10 ikakatwa asilimia 40. Babu zetu kule Kongo hawakupimwa hivyo. Wakati wa Wabelgiji walilipa kodi ya kichwa, na kichwa kilikuwa kichwa, uwe na ng'ombe au usiwe na kuku.

Mzee mmoja wa baraza alitufungulia Kutoka 30. Pale kila mtu alitoa nusu shekeli, na tajiri alikatazwa kuzidisha. Ni kweli, tumeisoma. Lakini ile ilikuwa fidia ya nafsi, na nafsi ya tajiri haina bei kuliko ya maskini. Somo la mali liko Mambo ya Walawi 5. Asiyeweza mwana-kondoo alileta hua wawili, na asiyeweza hua alileta unga. Mungu hakumwambia huyo wa unga akakope kondoo. Na katika Nehemia 5 watu waliweka rehani mashamba yao ili walipe kodi ya mfalme, na Nehemia aliwakasirikia wakubwa, si wale wenye deni.

Hata fungu la kumi, ambalo linaonekana sawa, halina uzito mmoja. Ukitoa 5,000 katika 50,000, umetoa mahindi ya watoto. Ukitoa 200,000 katika milioni 2, bado unalala na 1,800,000.

Ndugu wa mashine naye tumemsikiliza. Alisema: "Mimi naamka saa kumi ya usiku. Mbona niadhibiwe kwa jasho langu?" Ana neno. Asionekane mwizi kwa sababu amefanikiwa, na wengine wetu tunapomtaja tunasukumwa na wivu kuliko haki. Hata hivyo mashine yake inasaga mahindi ya majirani, na barabara ambayo bibi anaipita kwa miguu, pikipiki zake ndizo zinaichimba.

Ugumu mkubwa uko kwingine: nani atapima? Mwaka 2023 tuligawanywa makundi matatu kwa ajili ya posho, na kundi la tatu halikupata kitu. Tulikubali kwamba mwenye shida zaidi apewe zaidi. Lakini wapo wajane waliojikuta kundi la tatu, na hadi leo hatujui waliandikwaje. Baraza likianza kupima mifuko ya watu kwa maneno ya kisimani, tutawaumiza vilevile. Watu wataficha mbuzi.

Kwa hiyo sisi tunaona mwenye nacho alipe zaidi, lakini kwa vitu vinavyoonekana na wote: duka, mashine, pikipiki, mshahara. Kipimo kitajwe mbele ya watu wote kabla ya kuchanga, na kianze na sisi wachungaji tunaopata posho ya kanisa. Nyumba isiyo na kitu ilete maji ya kuchanganyia saruji, au isilete kitu, na jina lake lisisomwe.

Tutajadili Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada. Wamama nao waje, si wazee peke yao. Bibi amekwisha kurudi, lakini bado anakaa kwenye benchi la mlangoni, pale ambapo bati halijafika.