Tunayemkumbuka Akikosekana

Ukitaka kuijenga PostgreSQL mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, badala ya kuchukua iliyokwisha kupikwa, unaanza na amri ya configure. Inapekua kompyuta yako, halafu inagoma. Tangu toleo la 16 inaanza kwa kudai ICU. Ukiipa, inadai readline, kisha zlib. Na huenda readline unayo kabisa, inafanya kazi kila siku. Kilichokosekana ni kifurushi cha wajenzi tu, ambacho kwenye Debian kinaitwa libreadline-dev.

Configure haikulazimishi, lakini. Inakwambia: ukitaka, andika --without-readline uendelee. Hifadhidata itajengeka vizuri tu, ila ndani ya psql ukibonyeza mshale wa juu kurudisha amri ya jana utaona takataka za alama. Hapo ndipo unapogundua kuna mtu alikuwa anakufanyia kazi hiyo miaka yote.

Je, mtu huyo tunawiwa naye nini? Jibu la haraka ni kwamba hatuwiwi kitu: alitoa bure, na leseni inasema wazi hakuna dhamana. Kisheria, sawa. Lakini tazama yaliyompata Lasse Collin, mtunzaji wa xz, maktaba ya kubana data. Mwaka 2022 alieleza hadharani kwamba afya ya akili ilikuwa imemsumbua muda mrefu, na kwamba kazi yenyewe ni ya kujitolea, haina malipo. Wapo waliomjibu kwa kumsukuma amwachie mwingine. Eti anachelewesha watu! Aliyejiita Jia Tan akawa ndiye msaidizi, akaaminiwa, na mwaka 2024 akaficha mlango wa uani kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua ni Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, aliyekuwa akipima kasi ya mambo mengine kabisa akaona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde.

Wengine walisema dawa ni pesa. Sina hakika. Pesa ingemsaidia Collin kupumzika, lakini Jia Tan naye angeweza kulipwa mshahara kutoka mfuko huohuo. Mimi naona deni la kwanza ni dogo zaidi na gumu zaidi: kutomwandikia mtu aliyekupa bure kana kwamba wewe ndiye mdai wake. Wale waliomsukuma yawezekana walikuwa njama moja na Jia Tan, majina yasiyo na sura. Hata hivyo hila yao ilifaulu kwa sababu haikumshtua yeyote. Lugha ile ya kudai, ya kuuliza “lini?” bila hata salamu, tulikwisha kuizoea jamani.

Collin mwenyewe ndiye aliyerudi kusafisha. Toleo 5.6.2 lilitoka Mei 2024.