Sifa ni ya Mkono Upi?

Kenny Roberts, Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za 500 cc, mwaka 1978, alijifunzia kwenye viwanja vya vumbi. Huko gurudumu la nyuma huteleza kila kona, upende usipende. Akaja na tabia hiyo kwenye lami: anafungua mafuta mapema, nyuma inateleza, na mkono wa kulia ndio unaamua iteleze kiasi gani.

Siku hizi kompyuta hupunguza nguvu ya injini kabla mkono haujashtuka. Poa, mifupa inapona. Lakini sasa tunampigia nani makofi? Na je, lazima mtu ahatarishe shingo ndio tumheshimu? Mimi nasema hapana. Tunachoheshimu ni kujua kiasi. Ila kiasi chenyewe, mkono ule ungekijulia wapi kama kukosea hakuumi?