Haki Katika Kutoa Daraja

Liko swali ambalo kwa juu huonekana dogo, lakini ndani yake imo sehemu kubwa ya maadili ya mwanadamu. Mtu anapokishika kitu cha mwenzake na kusema, "Hiki ni cha daraja la pili," je, ametoa habari ya kitu kile, au ametoa habari ya nafsi yake tu?

Wakulima wa korosho wa Nanganga, Masasi na Newala hawahitaji kuelezwa uzito wa swali hili. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho hupelekwa kwanza katika chama cha msingi. Huko hutazamwa ukavu na usafi wake, na katika kupima ubora baadhi hukatwa ili kiini kionekane. Kisha hutamkwa neno moja: daraja la kwanza, au la pili. Kazi ya mwaka mzima, tangu kupalilia hadi kuokota, husimama juu ya neno hilo.

Ili tulipime swali hili vizuri, na tuchukue kitu kisichooza wala kuliwa na wadudu, yaani dola ya fedha. Wazee wa pwani yetu waliijua sana dola moja, nao wakaiita riale. Ni sarafu ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye uzito wa gramu 28 na kidogo. Na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, sehemu 833 ni fedha safi. Katika karne ya 19 bidhaa nyingi za masoko ya pwani zilihesabiwa thamani kwa riale hiyo. Malkia mwenyewe alifariki mwaka 1780, na riale zilizopigwa chapa baada ya kufa kwake zimeendelea kuandikwa mwaka huohuo wa 1780. Mwaka 1935 Italia ilipata mihuri ya kuipigia chapa, na mwaka 1936 Uingereza nayo ikaanza kuipiga London, bado kwa tarehe ileile.

Sasa tuseme mjukuu ameikuta riale katika kisanduku cha marehemu bibi yake, akaipeleka kwa mnunuzi. Hapo yapo maswali matatu, na watu wengi huyachanganya. La kwanza: je, ni ya kweli? La pili: je, iko katika hali gani? La tatu: je, bei yake ni kiasi gani? Bei hupanda na kushuka kwa kadiri ya watu wanavyoitaka. Lakini ukweli wa sarafu na hali yake havibadiliki kwa kutakwa wala kwa kukataliwa. Riale iliyopigwa London si ya bandia, maana fedha yake ni kamili. Wala si ya mwaka 1780, ingawa ndivyo isemavyo. Mpimaji mwaminifu hana budi kuyasema yote mawili. Akisema moja na kulificha la pili, amedanganya kwa kutumia ukweli.

Ama kuhusu hali ya sarafu, wakusanyaji wa Marekani wameweka ngazi yenye hatua 1 hadi 70. Aliyeianzisha ni Dr. William Sheldon, mwaka 1949, kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani. Baadaye ikatumika kwa dola za fedha pia. Kuanzia hatua ya 60 sarafu huhesabiwa kuwa haijachakaa kwa kutumika. Mpimaji hutazama sehemu zilizoinuka, kama vile nywele na shavu la sura iliyochorwa, kwani hizo ndizo hulika kwanza. Hutazama pia mng'ao uliozaliwa siku madini yalipopigwa kwa muhuri. Mng'ao huo ukiondoka haurudi. Mwenye sarafu akiisugua ili ionekane mpya, huacha mikwaruzo myembamba na kuiteremsha daraja. Lo! Alitaka kuipandisha, naye ameishusha kwa mkono wake mwenyewe.

Kuanzia mwaka 1986 kampuni za Marekani zimekuwa zikipima sarafu, kuandika daraja, na kuifunga kila moja katika kasha la plastiki. Hili limepunguza hila nyingi. Hata hivyo, kasha ni ushahidi tu wa mtu aliyetazama. Halimwondolei mnunuzi wajibu wa kutazama kwa macho yake mwenyewe. Kati ya hatua ya 64 na ya 65 tofauti ni ndogo mno kwa jicho, lakini mara nyingine ni kubwa sana kwa mfuko.

Tena kuna jambo la kuzingatiwa. Sheldon alifariki mwaka 1977. Baada ya kufa kwake, Jumuiya ya Elimu ya Sarafu ya Marekani, iliyoko New York, ilichunguza hazina yake ikaona kwamba alikuwa ameziondoa senti nzuri za jumuiya na kuweka zake zilizo duni mahali pake. Basi aliyewafundisha watu kutofautisha bora na duni aliutumia ujuzi huohuo kuiba. Je, ngazi yake ikawa batili? La hasha! Kipimo kilibaki kipimo. Bali tumejifunza kwamba ujuzi wa mizani ni jambo moja, na uaminifu wa mkono unaoishika ni jambo jingine.

Huenda mtu akasema, "Kama wapimaji wawili hutofautiana, basi daraja ni maoni tu." Hoja hii haitoshi. Mahakimu wawili pia hutofautiana, wala hatusemi kwamba hakuna haki. Kutofautiana kwa hatua moja ni udhaifu wa macho. Lakini mtu akiiita sarafu hiyohiyo duni anapoinunua, na bora anapoiuza, huyo hana maoni, ana tamaa. Ndiyo maana Sura ya 83 ya Kurani Tukufu inawalaani wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunguzia wenzao. Kosa lao si kutojua kupima. Wanajua vizuri sana.

Yafaa tumalizie kwa kuutazama ukingo wa riale. Umezungushiwa maandishi, ili anayeukwangua kwa kuiba fedha agunduliwe. Maneno hayo ya Kilatini maana yake ni "Haki na Huruma." Yote mawili yanamhusu mpimaji, lakini kila moja lina mahali pake. Huruma haina nafasi katika kutamka daraja: kuiita mbovu nzuri ili kumfurahisha mwenye nayo ni uongo, kama vile kuiita nzuri mbovu. Nafasi yake ni katika kumweleza mjukuu yule asiyejua, katika kumwonyesha sababu, na katika kumpa bei ambayo mnunuzi asingeona haya kuitaja mbele ya watu. Hali kadhalika kwenye ghala la korosho. Mkulima anaweza kuvumilia kuambiwa daraja la pili, ikiwa amefunguliwa kiini akakiona kwa macho yake. Asichoweza kukivumilia, wala hapaswi kukivumilia, ni hukumu isiyoonyeshwa ushahidi wake.