Idhini ya Ndugu na Sauti ya Mgonjwa

Mtu anapougua akili, uamuzi juu ya tiba yake huanza kutolewa na wengine kabla mwenyewe hajaulizwa. Katika mitaa ya Ujiji na Mwanga, mjini Kigoma, na katika vijiji vya wavuvi kandokando ya Ziwa Tanganyika, wanaokaa kikao ni baba na mama, wajomba, mashangazi, kaka mkubwa, mume au mke. Wao ndio wanaouza mbuzi au wavu ili nauli ipatikane, na wao ndio wanaokesha. Kwa sababu hiyo, swali la tiba zenye utata, kama vile mnyororo, uzinguo, sindano za kutuliza na tiba ya umeme, halitengani na swali jingine: undugu unampa mtu haki gani juu ya mwili na nafsi ya mwenzake aliyevurugikiwa na akili?

Njia ya tiba mkoani Kigoma ina vituo vingi. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara ya pwani, na huko kijana asiyelala, anayesema peke yake na kutoroka nyumbani, mara nyingi hupelekwa kwanza kwa sheikh. Husomewa ruqya, yaani kisomo cha kumponya, na hunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani. Familia za Kikristo hutafuta maombezi. Upande wa milimani kwa Waha yuko mfumu, mganga anayechunguza kama wahenga wamesahauliwa au kama kuna mkono wa mtu. Watongwe wa kusini, karibu na milima ya Mahale, nao wana waganga wao. Mtafiti Makoto Kakeya kutoka Japani alijifunza tiba zao hadi akapitishwa mwenyewe katika ibada za kumfanya mganga. Kisha kuna Hospitali ya Maweni, ambayo ni ya rufaa ya mkoa, na mbali zaidi kuna Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, takriban kilomita 800 kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Wasomi wengi wameona njia hii ndefu kuwa ni ujinga au kuchelewa. Lawama hiyo haitendi haki. Hospitali hueleza namna ya kurudisha usingizi na kunyamazisha sauti anazosikia mgonjwa. Haielezi kwa nini yamempata yeye, wala kwa nini mwaka huu. Familia inataka majibu yote mawili, na Tanzania yenyewe ilizipa tiba za asili nafasi ya kisheria kwa sheria ya mwaka 2002. Ubaya hauanzii kwenye kugonga milango mingi. Unaanza pale mgonjwa anapopitishwa mlango mmoja baada ya mwingine bila yeyote kumweleza anapelekwa wapi.

Mnyororo ndio tiba isiyoitwa tiba. Familia humfunga mtu kamba au pingu kwa sababu zinazoeleweka: atatumbukia ziwani usiku, atachoma nyumba, atadhaniwa mwizi na kupigwa na watu wenye hasira kali. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba kufunga wagonjwa wa akili kunatokea katika nchi zipatazo 60, kwa hiyo hakuna kabila wala dini inayostahili kubebeshwa aibu hiyo peke yake. Wanaofunga mara nyingi ni watu wanaompenda huyo wanayemfunga. Lakini kamba iliyofungwa kwa ajili ya usiku mmoja ina tabia ya kudumu miaka. Dawa zinapokosekana kwenye zahanati na watu wa kupokezana zamu wanapopungua, fundo linabaki kufanya kazi ambayo jamii nzima ingepaswa kuifanya.

Baadhi ya uzinguo una ukatili wa namna nyingine. Mgonjwa huvutishwa moshi, hunyimwa chakula, huchapwa, na akilia wanaomtazama huambiwa kwamba anayeumia ni jini, si yeye. Hapa ndipo kiini cha tatizo kilipo, na ni tatizo la kifalsafa kabla ya kuwa la afya. Maelezo yanayosema “si yeye, ni jini” humwondoa mtu katika mwili wake, kisha huuacha mwili huo bila mwenyewe wa kuutetea. Daktari anayepuuza kila kauli ya mgonjwa kwa kusema “si yeye, ni ugonjwa” hufanya kosa lilelile akiwa amevaa koti jeupe. Ni kweli kwamba ugonjwa mkali hupotosha fikra. Mtu anaweza kumshuku mama yake kwamba anataka kumuua. Hata hivyo, mtu huyohuyo anajua kwamba kamba inamkata mkono, kwamba sindano ya jana ilimkakamaza shingo, kwamba hataki kulala chumba fulani. Akili haizimiki yote kwa pamoja.

Sheria ya Kiislamu imelifikiri jambo hili kwa kina kuliko inavyodhaniwa. Mafundisho ya Mtume yanasema kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili zimrudie. Kila mmoja wao yupo katika hali ya muda, na anasubiriwa. Mgonjwa hupungukiwa wajibu, lakini haki zake hazipungui. Wanazuoni, akiwemo al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111, waliitaja akili kuwa miongoni mwa mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, pamoja na dini, uhai, kizazi na mali. Mlezi, yaani walii, hushika mali na mambo ya mgonjwa kama amana. Aya ya 5 ya Sura ya An-Nisaa, inayozuia mali isikabidhiwe wasioweza kuisimamia, haikuishia kwenye zuio. Inamwagiza mwenye kuishika awalishe, awavike, na azungumze nao kwa maneno mema. Agizo hilo la mwisho halipewi uzito unaostahili. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi bado anastahili kusemeshwa, na kumsemesha kumewekwa kwenye daraja moja na chakula na nguo. Historia ya hospitali za Kiislamu inakubaliana na hilo, kwani bimaristani ya Nur al-Din mjini Damascus, ya mwaka 1154, na ile ya al-Mansuri mjini Cairo, ya mwaka 1284, zilipokea wagonjwa wa akili kama wagonjwa wengine.

Wakristo wa pwani ya ziwa, ambako Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wana simulizi yao katika Injili ya Marko, sura ya 5. Mtu mwenye pepo aliishi makaburini ng'ambo ya Ziwa la Galilaya. Watu walikuwa wamejaribu kumfunga kwa pingu na minyororo, akaikata. Wahubiri husimulia sana habari ya pepo na nguruwe. Yanayofaa kutazamwa zaidi ni mambo mawili madogo: kwanza Yesu anamuuliza jina, yaani anazungumza naye; pili, mwishoni mtu huyo, akiwa ametulia na amevaa nguo, anaomba kupanda mashua aondoke, lakini anatumwa nyumbani kwa watu wake. Uponyaji wake haukukamilika kwa kutokwa na pepo tu. Ulihitaji jamaa wampokee, wale wale ambao huenda ndio walioshika minyororo.

Tiba za hospitali nazo zina historia inayotosha kuondoa dhana kwamba utata ni wa waganga pekee. Mwaka 1935 Egas Moniz wa Ureno alianzisha upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu ya sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel. Maelfu ya watu walipasuliwa hivyo Ulaya na Marekani, wengi kwa ombi au ridhaa ya jamaa zao. Mwaka 1941 Rosemary Kennedy, dada wa rais wa baadaye wa Marekani, alipasuliwa akiwa na miaka 23 kwa uamuzi wa baba yake. Alipoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusema na kutembea, akaishi katika uangalizi hadi alipofariki mwaka 2005. Familia yake ilikuwa na mali na elimu, na iliweza kuwafikia madaktari wenye sifa. Idhini ya baba ilikuwepo, na haikumkinga kwa lolote.

Tiba ya umeme ina sura ngumu zaidi. Ilijaribiwa kwa mara ya kwanza mjini Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini, kwa mtu ambaye polisi walimkuta akizurura kwenye stesheni ya treni bila ndugu yeyote karibu. Jaribio la kwanza halikumletea degedege lililokusudiwa. Aliposikia madaktari wakipanga la pili, alisema waziwazi kwamba hataki. Waliendelea. Baada ya awamu kadhaa za tiba alipata nafuu, akarudi nyumbani, na baadaye ugonjwa ukamrudia. Leo tiba hiyo inapofanywa ipasavyo mgonjwa hupewa nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli, na huweza kumwokoa mtu aliyezama katika sonona kali kiasi cha kuacha kula, au aliyeganda asiweze kusema. Huweza pia kumpotezea kumbukumbu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kuifanya bila nusukaputi kukomeshwe, na kwamba isitumike kwa watoto. Kwa hiyo haitoshi kuiita ukatili wala kuiita muujiza. La msingi ni kama mtu aliyekuwa anasema hapana alisikilizwa, na nani alikuwepo kumsemea.

Nyumbani, utata hauna mashine. Huwa ndani ya kikombe cha uji. Mama huambiwa na mgonjwa kwamba hatameza vidonge tena. Mama husaga kidonge, hukoroga, na kumpa. Kwa wiki kadhaa nyumba hutulia. Wenye kutetea kitendo hiki husema hakuna tofauti na kumpa mtoto dawa chungu kwenye asali. Tofauti ipo, na ni kubwa: mgonjwa anayeshuku kwamba anawekewa kitu kwenye chakula, siku akigundua, atakuwa amepata uthibitisho wa hofu yake kutoka kwa mtu pekee aliyebaki akimwamini. Baada ya hapo anaweza kukataa vyote viwili, dawa na chakula. Kuna hali za hatari ambapo mama hana njia nyingine kwa usiku huo. Kuifanya kuwa desturi ya mwaka mzima ni kujenga utulivu juu ya udanganyifu, na ni vema wahudumu wa zahanati waulize jambo hili kwa upole badala ya kufumba macho.

Mamlaka ya ndugu, basi, msingi wake hauko katika damu. Uko katika ushahidi: ndugu anamkumbuka mgonjwa alivyokuwa kabla, anajua alichokuwa akikiogopa, alikuwa akisali vipi, nani alimtuliza utotoni. Hakuna faili la hospitali lenye habari hizo. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria aliliona hilo alipoanzisha mpango wa Aro, Abeokuta, mwaka 1954, ambamo mgonjwa aliishi kijijini pamoja na jamaa yake na kwenda hospitali kwa tiba. Tanzania ya enzi za Ujamaa nayo ilijaribu vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili, kikiwemo cha Hombolo, Dodoma. Lakini ushahidi huharibika shahidi anapokuwa na maslahi. Ndugu anaweza kutaka shamba, au kuogopa posa ya binti mwingine isivunjike. Anaweza pia kuficha jaribio la kujiua, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinalihesabu kuwa kosa. Kadhi humwondoa mlezi anayekula mali ya anayemlea. Kipimo hicho kinafaa kufika hadi kwenye tiba.

Wapo pia wasio na shahidi, yaani wasio na ndugu. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa kuwa hospitali ya akili. Ujiji ilipitiwa na maelfu ya watu waliong'olewa kwa jamaa zao ng'ambo ya ziwa, na wazao wa baadhi yao ndio Wamanyema wa leo. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea wakimbizi wa Kongo, na kuanzia mwaka 2015 Warundi wengi, baadhi wakiwa wamepoteza familia nzima. Haki ya kuamua ikisemwa kuwa ya ndugu, asiye na ndugu anabaki kama yule wa stesheni ya Roma. Jirani wa kambini, mzee wa msikiti au dada wa kwaya aliyekaa naye miaka kumi huweza kumjua kuliko binamu anayeitwa kutoka mbali, na busara ingemtambua.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mgonjwa kulazwa kwa hiari au bila hiari, na inawapa ndugu nafasi. Mwaka uliofuata Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kamati ya mkataba huo ilifafanua Kifungu cha 12 mwaka 2014 kwa kutaka desturi ya kumwamulia mtu iachwe, na mahali pake pawepo msaada wa kumwezesha kuamua. Mahakama na hospitali za nchi nyingi bado hazijafika huko, na kuna nyakati ambapo mtu hawezi kuamua lolote hata akisaidiwa.

Kinachoweza kufanywa hata Kigoma, bila mashine wala fedha nyingi, ni kuzungumza wakati wa nafuu. Mtu aliyepona kwa muda aambiwe yote aliyofanyiwa: nani alimfunga, dawa gani aliwekewa kwenye uji, kwa nini. Kisha aulizwe angetaka nini hali ikirudi, apelekwe wapi, asifanyiwe nini, nani amsemee, na maneno yake yaandikwe mbele ya mhudumu au sheikh au mchungaji. Ugumu unabaki pale ugonjwa unaporudi na mtu huyo akayakana maneno yake mwenyewe. Hapo nafsi mbili zinapingana ndani ya mtu mmoja, na hakuna kanuni inayoweza kuchagua mapema. Aliyeandika akiwa ametulia ana haki kubwa zaidi ya kutiiwa katika mambo yanayookoa uhai. Anayekataa sasa ana haki ya kusikilizwa katika mengine yote, ikiwemo namna ya kushikwa, mahali pa kulala na jina la kuitwa.