Nafasi Aliyoiziba Newlands

Tarehe 1 Machi 1866, mwanakemia John Newlands alisimama mbele ya Chama cha Kemia cha London akiwa na jedwali lake. Alikuwa amezipanga elementi kwa uzito wa atomi, kuanzia nyepesi hadi nzito, akagundua kwamba ukianza kuhesabu na litiamu, ya nane ni sodiamu. Ukianza na sodiamu, ya nane ni potasiamu. Na hizo tatu ni ndugu wa damu: metali laini zinazokatika kwa kisu. Akauita mpango huo Kanuni ya Oktavo, kwa kuwa katika muziki nako sauti ya nane huirudia ya kwanza.

Alichokiona kilikuwa kweli, na ndiyo maana kisa chake kinaniuma. Kosa lilianza pale alipotaka kila kisanduku kijae.

Baada ya kalisi mpango ulianza kumgomea. Chuma kiliangukia mstari mmoja na oksijeni na salfa. Litazame panga lililosahauliwa nje masika nzima: oksijeni na maji vimelila hadi linapukutika. Mlaji na mliwa wakaandikwa jamaa moja! Shaba nayo ikawekwa pamoja na sodiamu. Kipande cha sodiamu ukikitia majini hukimbia huku na huku kikichemka mpaka kiishe. Sufuria ya shaba hukaa na maji miaka. Kobalti na nikeli akazibana katika kisanduku kimoja, tena kwenye mstari wa klorini. Kila ishara ilikuwa ikimwambia asimame, pana kitu hapo bado hakijajulikana.

Hata siku ile alionywa. Gladstone, mmoja wa wasikilizaji, alimkumbusha kuwa miaka michache tu nyuma zilikuwa zimepatikana thaliamu, indiamu, sizi na rubidi. Ikipatikana moja zaidi, mpango wote utavurugika. Mwingine, Foster, alimuuliza kama amejaribu kuzipanga kwa alfabeti. Swali la Foster ndilo linalosimuliwa mpaka leo, maana dhihaka haisahauliki upesi, lakini onyo la Gladstone ndilo lililokuwa na dawa. Chama hakikuichapisha makala yake.

Cha kusikitisha zaidi, mwaka 1864 Newlands mwenyewe alikuwa ameandika kwamba kati ya silikoni na bati inakosekana elementi moja, yenye uzito wa kama 73. Nafasi wazi alikuwa nayo. Miaka miwili baadaye, katika jedwali lile, hakuacha hata moja.

Simnyooshei kidole. Nafasi tupu inatia aibu, nami naijua aibu hiyo: nikifunga hesabu za mwezi nikakosa risiti moja, mkono huwahi kuandika kiasi cha kukisia ili jumla ikae sawa. Ndugu zangu, tuuzuie mkono huo. Kinachokataa kukaa mahali tulipokipangia tukichunguze kwanza, tusikigongee nyundo.

Mwaka 1869 Mendeleev wa Urusi alichapisha jedwali lenye nafasi zilizoachwa wazi kwa makusudi. Galiamu ikaja kujaza moja mwaka 1875, skandi nyingine mwaka 1879. Mwaka 1886, Clemens Winkler wa Ujerumani akaipata jemaniamu, ambayo mahali pake ni kati ya silikoni na bati. Uzito wake ni 72.6.