Picha Arobaini na Siku ya Bwana



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya kazi na Jumapili. Ni fundisho ambalo tulidhani twalijua tangu darasa la kipaimara, kumbe tulikuwa tumelishika kwa mdomo tu.

Katika mtaa wetu yupo ndugu mmoja mchoraji wa picha za tingatinga. Wengi wenu mwamfahamu, basi hatuna haja ya kumtaja jina. Kazi yenyewe mwaijua. Ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyechora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi zing'aazo kama zile za kupaka baiskeli, akaviuza karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, lakini jamaa zake na wanafunzi wake hawakuiacha kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo twiga na tembo wao wametundikwa katika nyumba za nchi ambazo wengi wetu hatutafika.

Ndugu yetu huyu aliletewa oda ya picha 40, kila moja sentimeta 60 kwa 60, ziende kwenye maonyesho. Siku alizopewa zilikuwa 24. Akakubali, maana nani mwenye watoto angekataa? Rangi na mbao akakopa dukani.

Jumapili ya kwanza hatukumwona kanisani. Ya pili vilevile. Baada ya ibada tukamwendea nyumbani, sisi na mzee mmoja wa kanisa, na amri ya nne tumeishika tayari mkononi kama fimbo. Tulimkuta uani, mbao zimetandazwa kila mahali kama mahindi yaliyoanikwa, macho yake mekundu kwa kukesha. Akatuamkia vizuri, akatutafutia viti. Tukasema yote tuliyokuja nayo. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Padre, nimewasikia. Lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na dukani nadaiwa. Siku ya maonyesho haisogei. Ninyi mkiiheshimu Jumapili hampungukiwi kitu."

Naam, hakukosea. Jumapili ndiyo siku yetu ya kazi, nayo ndiyo inayotulisha. Hatukuwa na jibu. Tukanywa chai, tukasali kwa ufupi, tukaondoka. Na njiani mzee wa kanisa hakusema neno.

Usiku ule tulifungua Kitabu cha Kutoka, mahali panapohusu mafundi. Twawaomba nanyi mpasome nyumbani, sura ya 31 hadi ya 36, na msiruke yale mapazia na vitanzi kama tulivyozoea kuruka. Katika sura ya 31 Mungu anamwita Bezaleli wa kabila ya Yuda kwa jina lake, anamjaza Roho yake, hekima na ufahamu, ili afanye kazi ya dhahabu na fedha na shaba, na kuchonga miti. Anampa na msaidizi, Oholiabu wa kabila ya Dani. Hapo twaona kwamba ufundi wa mikono ni kipawa cha Roho Mtakatifu, sawa na kuhubiri. Lakini tazameni kinachofuata mara moja. Orodha ya kazi haijakauka wino, na Mungu anasema habari za Sabato. Hata kwa Hema yake mwenyewe, fundi asiivunje.

Tena kazi hiyo ilikuwa na siku yake ya mwisho. Waisraeli walifika Sinai mwezi wa tatu (Kutoka 19:1), na Hema ilisimamishwa siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata (40:17). Hiyo haitimii miezi kumi, na ndani yake toeni siku arobaini za Musa mlimani, na arobaini nyingine. Katika muda uliobaki zilitakiwa mbao 48, mapazia 10 ya kitani yenye makerubi yaliyofumwa, mapazia 11 ya singa za mbuzi, sanduku, meza, kinara, mavazi ya makuhani. Mwenye kujua kazi ya mikono ataelewa kuwa Bezaleli hakuwa na siku za kuchezea.

Na katikati ya hayo yote ipo habari ya ndama. Tumeihubiri mara nyingi kama habari ya sanamu, nayo ni hivyo kweli, lakini hatukuwahi kuona kwamba ni habari ya haraka pia. Watu waliona Musa anakawia. Wakataka kitu sasa hivi. Haruni akakusanya pete za masikioni, akafanya ndama, akatangaza kwamba sikukuu ni kesho (32:5). Kazi ile ilimalizika kwa wakati, bila kuchelewa hata siku moja! Kisha, Musa aliporudi kuwakusanya watu waanze kazi ya kweli, neno lake la kwanza, kabla hajataja hata msumari mmoja, ni Sabato tena (35:1-3). Ndama amewekwa katikati ya Sabato mbili. Sisi twaamini hakuwekwa hapo kwa bahati tu.

Siku ya Jumatano tulirudi kwa ndugu yetu, safari hii bila fimbo. Alikuwa amekaa kimya mbele ya mbao tisa. Alitueleza kazi ilivyo. Kwanza mbao zote hupakwa rangi ya chini, ile ya anga au ya machweo. Zikikauka, huchorwa mnyama. Akikauka mnyama, ndipo huja madoa na mistari kwa brashi ndogo. Rangi hii ni ya mafuta, nayo hukauka polepole, hasa hewa ikiwa na unyevu. Ili kuokoa siku, alikuwa amepaka tabaka la pili, tena zito, kabla la kwanza halijakauka sawasawa. Rangi ya juu ikakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Mbao tisa zimeharibika. "Rangi haitaki kusukumwa, Padre," akasema. "Nilijua. Tangu nikiwa mwanafunzi nilijua."

Jambo hili huwapata hata wakubwa. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alikuwa ameahidi maonyesho ya picha zake za mayungiyungi ya maji kwa Durand-Ruel, mfanyabiashara wa picha wa Paris. Aliahirisha, na mwezi Mei mwaka 1908, siku zikiwa zimekaribia, aliharibu kwa mikono yake picha zisizopungua 15, maana hakuridhika nazo. Maonyesho yakafunguliwa Mei 1909, na picha 48 zikatundikwa. Mwaka mmoja wa kungoja ulimfaa. Lakini Monet wakati huo alikuwa tajiri mwenye bustani yake. Kumwambia mpangaji anayedaiwa kodi afanye kama Monet ni kumdhihaki.

Basi hapo ndipo Kutoka ilipotugeukia sisi. Tulikuwa tumesoma amri kana kwamba iliandikwa kwa Bezaleli peke yake. Lakini katika sura ya 35 watu wote wanaleta: wengine dhahabu, wengine ngozi, wanawake wenye ujuzi wanasokota nyuzi kwa mikono yao. Katika sura ya 36 walileta kupita kiasi hata Musa akawazuia. Bezaleli aliweza kupumzika siku ya saba kwa sababu siku sita nyingine hakuwa peke yake. Sisi tulimtaka fundi wetu apumzike peke yake, na gharama yake alipe peke yake.

Hatukufanya makubwa, msije mkatusifu. Ukumbi wa kanisa ulikuwa na nafasi na madirisha mapana, tukampa akaushie mbao humo. Vijana wanne walikuja jioni kuzikwangua zile tisa kwa msasa na kupaka rangi ya chini, kazi ambayo hata asiye fundi aweza kuifanya akisimamiwa. Akina mama wa Umoja walipeleka chakula nyumbani kwake siku tano. Mzee wa kanisa, yule aliyenyamaza njiani, alikwenda kuzungumza na mwenye nyumba. Hakutuambia walisema nini, ila kodi ikapokewa kwa miezi mitatu kwanza.

Jumapili ya tatu, zikiwa zimebaki siku tatu, ndugu yetu alikuja kanisani. Hatukumwita wala kumkumbusha. Alipopiga magoti na kunyosha mikono kupokea, kucha zake zilikuwa na rangi ya bluu.

Alipeleka picha 36. Nne hazikuwa tayari, naye akakataa kuzitia sahihi na kuzipeleka hivyo hivyo, ingawa vijana walisema mzungu hangejua. Fedha ikakatwa kwa hizo nne, na dukani bado anadaiwa kiasi. Picha zenyewe zimo ukumbini, zimeegemezwa ukuta wa mashariki: tembo wawili, kanga, na mbuyu wenye ndege wengi. Alizimalizia wiki iliyopita, nazo sasa zimekauka.